Maarifa Yatunzwapo Huzaa Vitu Vipya

Utangulizi

Katika maabara moja niliyopata kufanya kazi palikuwa na fundi mzee ambaye hakuwa na shahada yoyote. Kazi yake ilikuwa kulitunza tanuri la umeme ambamo tulichomea vyungu vya majaribio. Tanuri lilikuwa kuukuu, na kipimajoto chake hakikuaminika. Lakini mzee huyo alikuwa akichungulia katika kitundu cha mlango, akaitazama rangi ya ndani, kisha akasema, "Bado," au, "Sasa tayari." Aghalabu hakukosea. Siku alipostaafu tulimwandalia karamu, tukamkabidhi zawadi na kumpigia makofi. Juma lililofuata vyungu vyote tulivyochoma vilipasuka.

Tulibadili udongo, tukabadili waya za tanuri, tukaandika barua kuomba kipimajoto kipya. Miezi ikapita. Mwishowe wawili wetu tulifunga safari kumfuata nyumbani kwake. Baada ya kumwamkia na kupokea maamkizi yake, tulimweleza shida yetu. Akacheka kidogo, akasema, "Wanangu, mbona hamkuniuliza nilipokuwa pale?" Kisha akatueleza kwamba siri haikuwa katika rangi peke yake. Tanuri likifikia wekundu hafifu, yeye alikuwa akilizuia lisipande zaidi kwa muda wa saa moja hivi, ili maji yaliyoshikamana na chembechembe za udongo yapate kutoka polepole. Sisi tulikuwa tukiliacha tanuri lipande moja kwa moja, na mvuke ukavipasua vyungu.

Hakuna mtu aliyekuwa ametuibia kitu wala moto haukuteketeza jengo. Hata hivyo tulipata hasara kubwa, kwa kuwa jambo lililojulikana ndani ya kuta zetu kwa miaka mingi lilitoka mlangoni pamoja na mtu mmoja. Makala hii yakusudia kueleza jinsi maarifa ya namna hiyo yanavyoweza kutambuliwa, kutunzwa na kugawanywa, na kwa nini kazi hiyo ndiyo msingi wa uundaji wa vitu vipya. Wataalamu huiita kazi hiyo usimamizi wa maarifa.

Maarifa fiche na maarifa bayana

Kwanza yatupasa kutofautisha aina mbili za maarifa. Aina ya kwanza ni maarifa bayana, yaani yale yanayoweza kuandikwa, kuchorwa au kusemwa kwa ukamilifu. Kanuni ya Ohm, kiwango cha mbolea kwa eka na ramani ya nyumba ni maarifa bayana. Yanaweza kutumwa kwa barua kutoka mji mmoja hadi mwingine, na mpokeaji akayatumia bila kumwona aliyeyatuma.

Aina ya pili ni maarifa fiche. Hayo hukaa mikononi, machoni na masikioni mwa mtu mwenye uzoefu. Mpishi husonga ugali na kujua kwa uzito wa mwiko kwamba umeiva. Fundi wa jahazi huutazama ubao na kujua utakapopinda na utakapovunjika. Mtu ajuaye kuendesha baiskeli hawezi kumfundisha mwenziwe kwa barua, hata kama barua hiyo ina kurasa mia. Mwanakemia Michael Polanyi, aliyezaliwa Hungaria na baadaye kuhamia Uingereza na kuwa mwanafalsafa, alilichunguza jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka 1966. Alionyesha kwamba ujuzi wa mtu daima huzidi maelezo awezayo kuyatoa juu ya ujuzi huo.

Tofauti hii ina maana kubwa kwa mtu anayetaka kuunda kitu kipya. Kitu kipya hakizuki katika utupu. Huzaliwa pale maarifa yaliyokuwa yametengana yanapokutanishwa. Iwapo sehemu kubwa ya maarifa hayo ni fiche, haitoshi kununua vitabu na kujaza makabati. Lazima kuwe na njia ya kuwakutanisha watu wenyewe.

Mashine ya mkate ya Osaka

Hebu tuchukue mfano kutoka Japani. Mwaka 1985 wahandisi wa kampuni ya Matsushita mjini Osaka walikuwa wakijaribu kuunda mashine ya kuokea mkate nyumbani. Mtumiaji angetia unga, maji, chachu na viungo vingine, na mashine ingefanya kazi yote iliyobaki. Shida ilikuwa katika kukanda. Mkate waliopata ulikuwa umeungua nje na kuwa mbichi ndani. Walichunguza kwa makini kila walichoweza kukipima, hata wakaupiga unga uliokandwa picha za eksirei ili kuulinganisha na ule uliokandwa na mwokaji stadi. Vipimo vyote hivyo havikuwapa jibu.

Ndipo mmoja wao, Ikuko Tanaka, alipotoa shauri jipya. Hoteli moja mjini humo, Osaka International Hotel, ilikuwa na sifa ya mkate bora. Tanaka alikwenda kuwa mwanagenzi wa mwokaji mkuu wa hoteli hiyo. Alikanda unga kando yake, akakosea, akasahihishwa. Baada ya muda aligundua kwamba mwokaji yule hakuwa akiuvuta unga tu, bali alikuwa akiuvuta na kuusokota kwa wakati mmoja. Mwokaji mwenyewe hakuwa amepata kulieleza jambo hilo. Kwake lilikuwa mazoea ya mikono.

Tanaka aliporudi kwa wenzake hakuweza kuwapa vipimo kamili vya uhandisi, lakini aliweza kuwapa picha: unga lazima uvutwe huku ukisokotwa. Wahandisi wakaifasiri picha hiyo katika lugha ya vyuma. Walirekebisha mwendo wa pangaboi la kukandia, na ndani ya chombo wakaweka mbavu maalumu za kuuzuia unga usizunguke wote pamoja. Mwaka 1987 mashine hiyo iliuzwa madukani, na katika mwaka wake wa kwanza iliweka rekodi ya mauzo ya chombo kipya cha jikoni.

Mtaalamu Ikujiro Nonaka, aliyefariki mwaka 2025, aliutumia mkasa huu kueleza njia nne ambazo maarifa hupitia mpaka kuzaa kitu kipya. Njia hizo ni hizi:

(a) Kushirikiana. Maarifa fiche ya mtu mmoja huhamia kwa mwingine kwa kufanya kazi pamoja. Ndivyo Tanaka alivyojifunza kwa mwokaji.

(b) Kubainisha. Maarifa fiche hutafutiwa maneno, mfano au mchoro. Ndiyo ile picha ya kuvuta na kusokota.

(c) Kuunganisha. Maarifa bayana huunganishwa na maarifa bayana mengine: picha ya Tanaka ilikutana na hesabu za mota na michoro ya vyuma.

(d) Kuzoea. Maarifa mapya hufanyiwa kazi mpaka yawe mazoea ya mikono kwa watu wengine, na kuwa fiche tena.

Msomaji ataona kwamba njia hizi hazina mwisho. Aliyefika kwenye (d) huanza tena kwenye (a), lakini akiwa juu zaidi ya pale alipoanzia, mfano wa mtu apandaye ngazi ya mzunguko.

Jiko lililotengenezwa na wengi

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi nasi, na pengine umo jikoni mwa msomaji. Kwa muda mrefu miji ya Afrika Mashariki ilipika kwa jiko la mkaa la bati tupu. Bati ni chuma, na chuma hupitisha joto upesi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya joto la mkaa ilitoka ubavuni mwa jiko na kupotea hewani. Vipimo vilionyesha kwamba jiko la namna hiyo hufikisha kwenye sufuria asilimia 10 hadi 20 tu ya joto la mkaa.

Mwanafunzi anaweza kuipima hasara hiyo kwa hesabu. Kuchemsha lita 2 za maji kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 100 za Selsiasi kwahitaji nishati hii: kilo 2 mara 4.2 mara 75, yaani kilojuli 630. Gramu moja ya mkaa mzuri hutoa kilojuli 30 hivi. Iwapo jiko hufikisha asilimia 15 ya joto, itabidi kuchoma gramu 140 za mkaa. Iwapo hufikisha asilimia 30, gramu 70 zatosha. Tena, kilo moja ya mkaa katika tanuri la kawaida la udongo hutokana na kilo kadhaa za kuni, mara nyingi kati ya 5 na 10. Basi kila gramu iokolewayo jikoni huokoa gramu nyingi msituni, na huokoa pia fedha za mama mwenye nyumba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wa Kenya waliokuwa wakishughulikia nishati, serikalini na katika mashirika ya hiari yaliyounganishwa chini ya KENGO, walianza kutafuta jiko bora. Wazo la kwanza lilitoka mbali, nchini Thailand, ambako watu hupikia jiko la udongo lililovikwa ndoo ya bati. Wazo hilo lilikuwa zuri, kwa kuwa udongo uliochomwa haupitishi joto upesi. Lakini jiko la Thailand halingeweza kuchukuliwa lilivyo na kuletwa Nairobi, kwani lilifuata sufuria za huko, vyakula vya huko na udongo wa huko.

Hapa ndipo tunapoona kwamba maarifa ya kuunda jiko yalikuwa yametawanyika kwa watu ambao hawakuwa na desturi ya kukaa pamoja. Mwanafizikia alijua jinsi joto linavyosafiri na jinsi ya kulipima. Fundi wa bati wa Shauri Moyo alijua namna ya kukata na kukunja bati kuukuu kwa nyundo na patasi bila kupoteza hata kipande. Mfinyanzi alijua udongo upi hustahimili moto na upi hupasuka. Na mama mpishi alijua jambo ambalo wote hao hawakulifikiria sana: kwamba jiko hupakia sufuria kubwa na ndogo, na kwamba wakati wa kusonga ugali husukumwa kwa nguvu, nalo lisipokaa imara humwaga chakula cha moto juu ya watu.

Majiko ya awali yalikuwa na kasoro. Udongo wa ndani ulipasuka. Sababu moja ni kwamba bati na udongo havitanuki kwa kiasi kimoja vinapopata moto: bati hutanuka zaidi, na udongo ukibaki bila kushikwa huachia na kuvunjika. Kasoro hizo hazikuonekana zote katika maabara. Zilionekana majumbani, na zikarudi kwa watengenezaji kwa sababu palikuwa na watu waliokwenda kuwauliza watumiaji na kuyasikiliza majibu yao.

Umbo lililopatikana mwishowe ndilo lile linalojulikana leo: bati lenye kiuno chembamba, pana juu na pana chini. Upana wa chini huliwezesha jiko kusimama imara. Kiuno huubeba udongo, ambao umewekwa katika nusu ya juu tu, mahali penye moto, na hivyo jiko halizidi kuwa zito. Matundu katika kitako cha udongo hupitisha hewa na kudondosha majivu. Kati ya bati na udongo hutiwa mchanganyiko wa saruji na madini mepesi ya vamikulaiti, ambao hushika na papo hapo huzuia joto. Jiko la namna hiyo likitengenezwa vema hufikisha kwenye sufuria asilimia 25 hadi 40 ya joto.

Aidha, maarifa hayo hayakufungiwa. Mafundi walifundishwa katika warsha, nao wakafundisha wanagenzi wao. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 majiko zaidi ya 700,000 yalikuwa yakitumika nchini Kenya, na umbo hilo lilikuwa limekwisha kuvuka mipaka na kufika Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia, kila mahali likibadilishwa kidogo kufuata udongo na sufuria za pale.

Hata hivyo haifai kulisifu jiko hili kupita kiasi. Lilipoenea upesi, baadhi ya watengenezaji waliiga umbo la nje bila kujua kanuni za ndani. Wakatumia udongo mbaya au wakauchoma kwa haraka, na majiko yao yakapasuka mapema. Yaani maarifa bayana, ambayo ni umbo, yalisafiri mbio, na maarifa fiche, ambayo ni uteuzi wa udongo na uchomaji wake, yakabaki nyuma. Tena, mkaa ukiwaka katika jiko lolote hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Jiko bora lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa.

Kujua jambo bila kujua sababu yake

Kuna hatari nyingine katika utunzaji wa maarifa, nayo ni kuhifadhi agizo na kusahau sababu. Historia ya ugonjwa wa kiseyeye yatuonyesha jambo hilo waziwazi.

Ugonjwa huo hutokana na ukosefu wa vitamini C, na zamani uliwaua mabaharia wengi sana. Mwaka 1747 daktari wa meli wa Kiskoti, James Lind, aliwagawa wagonjwa 12 katika makundi sita ya watu wawili wawili, na kila kundi akalipa dawa yake. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Mwaka 1795 jeshi la maji la Uingereza likaanza kuwagawia mabaharia maji ya limau, na kiseyeye kikapungua mno.

Lakini hakuna aliyejua ni kitu gani ndani ya limau kilichoponya. Wengi walidhani ni uchungu wake tu. Kwa hiyo, katika miaka ya 1860, malimau ya nchi za Mediterania yalipobadilishwa kwa ndimu za visiwa vya Karibi, hakuna aliyeona ubaya wowote, kwani ndimu ni chungu vilevile. Kumbe ndimu zile zilikuwa na vitamini C kidogo zaidi, na maji yake yalizidi kuharibika kwa kukaa muda mrefu na kupitishwa katika mabomba ya shaba. Msafara wa Kiingereza uliokwenda Aktiki mwaka 1875, ukiongozwa na George Nares, ulibeba maji ya ndimu, na bado ukapatwa na kiseyeye. Watu wakaanza hata kutilia shaka dawa iliyokuwa imethibitika kwa vizazi. Ni mwaka 1932 tu ndipo vitamini C yenyewe ilipotambuliwa kwa hakika.

Funzo ni hili: anayeandika maarifa asiandike tu "fanya hivi". Aandike pia "kwa sababu hii", au kama sababu haijulikani, aandike kwamba haijulikani. Bila hivyo, yule atakayekuja baadaye na kutaka kubadili kitu hatajua ni kipi kinachoweza kuguswa na kipi kisichoguswa.

Maarifa yaliyokaribia kuzikwa

Mkoani Kagera, Wahaya waliyeyusha chuma kwa karne nyingi. Vyuma vya kutoka ng'ambo vilipoenea na kuwa rahisi, kazi hiyo ikaachwa. Mwaka 1976 wataalamu Peter Schmidt, ambaye ni mwanaakiolojia, na Donald Avery, ambaye ni mtaalamu wa madini, waliwaomba wazee waliokuwa wakiikumbuka kazi hiyo wajenge tena tanuri. Wazee hawakuwa wameyeyusha chuma kwa miaka mingi mno. Ilibidi wakumbushane, wajaribu, wakosee na kurudia. Hatimaye chuma kikapatikana.

Wataalamu hao walipoeleza habari hizo mwaka 1978 katika jarida la Science, walionyesha kwamba mabomba ya udongo ya kupulizia hewa yaliingizwa ndani kabisa ya tanuri, na wakasema kwamba kwa njia hiyo hewa ilipata joto kabla ya kuufikia moto. Wataalamu wengine wamebishana nao juu ya jambo hilo, na mabishano ya namna hiyo ni afya ya sayansi. Lakini mabishano hayo yamewezekana kwa sababu moja tu, kwamba wazee walikuwa bado hai. Kama wangechelewa kuulizwa kwa miaka michache, tungebaki na mavi ya chuma ardhini na dhana tupu vichwani.

Swali la mwanafunzi

Wasomaji wengi wamepata kusikia habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, alipokuwa mwanafunzi katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kwa kuhofia kukosa nafasi katika jokofu, aliweka maziwa yake yakiwa bado ya moto, na akaona yameganda mapema kuliko ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Alipouliza sababu, aliambiwa amekosea. Baadaye akiwa Iringa alimwuliza swali hilo Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, aliyeitembelea shule yao. Osborne naye hakuamini, lakini aliagiza jaribio lifanywe. Mwaka 1969 wawili hao wakatoa makala kwa pamoja. Hadi leo wanafizikia hawajakubaliana kikamilifu juu ya jambo hilo, na baadhi yao wanatilia shaka kama hutokea kweli katika hali zote.

Habari hiyo husimuliwa sana, lakini kuna sehemu yake isiyosimuliwa sana. Mpemba mwenyewe alieleza kwamba alikutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, na kwamba rafiki huyo alikuwa na desturi ya kuweka mchanganyiko wa moto katika jokofu ili ugande upesi. Basi, kabla swali halijafika chuo kikuu, lilikuwa limekwisha kuwa sehemu ya kazi ya watu sokoni. Kati ya soko na maabara hapakuwa na njia. Njia hiyo ikapatikana kwa bahati, kwa kuwa mwanafunzi mmoja hakuona haya kuuliza mara ya pili. Taifa halipaswi kuitegemea bahati ya namna hiyo.

Mambo yanayoweza kufanywa

Usimamizi wa maarifa hauhitaji mitambo ya gharama. Tarakilishi zasaidia kuhifadhi na kutafuta, lakini haziwezi kuandika lile ambalo halikusemwa. Shule, karakana au kiwanda chaweza kuanza kwa mambo haya matano:

1. Daftari la majaribio. Kila jaribio liandikwe tarehe, vipimo, matokeo na sababu. Yaliyoshindikana yaandikwe kwa uangalifu uleule wa yaliyofaulu, kwa sababu kosa lisiloandikwa hulipiwa mara mbili.

2. Uanagenzi. Mtu mwenye ujuzi apewe kijana wa kufanya kazi naye mapema, si katika juma la mwisho kabla ya kustaafu.

3. Baraza la watu wa kazi mbalimbali. Mhandisi, fundi, mwuzaji na mtumiaji wakutane mara kwa mara, na kila mmoja aruhusiwe kuuliza hata lile linaloonekana la kipuuzi.

4. Jaribio dogo. Kitu kipya kitengenezwe kwa idadi ndogo, kipelekwe kwa watumiaji, na malalamiko yao yapokelewe kama vipimo.

5. Haki ya mwenye maarifa. Mtu akijua kwamba atanyang'anywa ujuzi wake bila shukrani wala malipo, atauficha, na tena atakuwa na haki ya kuuficha. Sheria ya hataza imejengwa juu ya fikira hii: mvumbuzi huueleza uvumbuzi wake hadharani, naye hupewa haki ya kuutumia peke yake kwa muda maalumu, ambao kwa kawaida ni miaka 20. Vivyo hivyo, mwandishi anayechukua maarifa kwa fundi hana budi kulitaja jina la fundi huyo iwapo mwenyewe aridhia.

Hitimisho

Tumeona kwamba mashine ya mkate ilikwama mpaka mhandisi alipokubali kuwa mwanagenzi wa mwokaji. Kwamba jiko bora halikupatikana mpaka mfinyanzi, fundi wa bati, mwanafizikia na mpishi waliposikilizana. Na kwamba dawa iliyojulikana ilipotea kwa kukosa sababu yake. Katika mifano yote hiyo maarifa yalikuwapo. Tofauti kati ya kufaulu na kushindwa ilikuwa njia yaliyopitia.

Siku hizi, kando ya tanuri la maabara ile niliyoieleza, kuna daftari lililofungwa kwa kamba. Ukurasa wake wa kwanza una maneno ya mzee yule jinsi alivyoyasema, pamoja na sababu aliyotupa na jina lake, kwa ridhaa yake. Kurasa zinazofuata zimejaa mwandiko wa vijana ambao hawakupata kumwona. Mmoja wao amekwisha kuligeuza agizo lake kidogo, akaupunguza muda wa kungoja kwa kutumia vyungu vyembamba zaidi, na ameandika kwa nini.

Mwalimu asomaye makala hii anaweza kuwapa wanafunzi wake zoezi moja. Kila mmoja amtafute mtu mwenye ufundi katika kijiji au mtaa wake: mfinyanzi, mhunzi, mpishi, mfuma mikeka au mtengeneza redio. Amwamkie kwa heshima, akae naye kazini, na aandike jambo moja ambalo fundi huyo hulifanya bila kulisema. Kisha amwulize sababu. Yumkini katika madaftari hayo utakuwamo mwanzo wa kitu ambacho bado hakijaundwa.